Namna ya kulimaliza kosa na kuendelea na maisha

Mwongozo huu ni wa mtu aliyekosea na sasa hapati usingizi. Pengine ni kosa la juzi kazini, au neno ulilomtamkia mzazi mwaka jana, au kiwanja ulichonunua kwa papara. Mchana unajishughulisha, lakini ukishaswali isha na nyumba ikatulia, fikira zinarudi palepale: ningalinyamaza, ningalisubiri kidogo, ningalimsikiza mamangu. Hapa Mombasa utaambiwa mara moja, "Yaliyopita si ndwele, ganga yajayo." Ni maneno ya haki. Shida ni kwamba anayekwambia huinuka barazani akaenda zake bila kukuonyesha hayo yajayo yanagangwa vipi.

Nitasema mapema ninaloliamini. Kosa haliondoki kwa kufikiriwa, wala kwa kujilazimisha kulisahau. Linaondoka likifanyiwa kazi yake: hasara ikazuiwa, aliyekosewa akaombwa radhi, funzo likatolewa. Likiwa bado lina kazi litakubishia hodi kila usiku, na lina haki ya kubisha. Likiisha kazi na bado linabisha, hapo ndipo pa kulifungia mlango, na hilo nalo lina njia zake.

Kuhusu kusahau kwa nguvu, kuna jaribio la mwaka 1987 ambalo kila anayesumbuliwa na fikira yafaa alijue. Mwanasaikolojia Daniel Wegner na wenzake huko Texas, Marekani, waliwaambia wanafunzi wasimfikirie dubu mweupe kwa muda wa dakika 5, na kila akiwajia akilini wapige kengele. Kengele zililia. Na waliporuhusiwa baadaye kumfikiria, wale waliokatazwa kwanza walimfikiria zaidi kuliko waliokuwa huru tangu mwanzo. Kwa hivyo usijitukane kwa kushindwa kusahau. Akili za binadamu ndivyo zilivyo.

Hatua ya kwanza: zuia hasara, lawama ingoje

Kuna fundi wa nguo za kike nyuma ya Biashara Street ambaye nilimwona akikata mkono wa gauni la bibi arusi, satini ya rangi ya maziwa, kisha akasimama ghafla mkasi ukiwa hewani. Daftari lilikuwa limefunuka ukurasa mwingine, naye amefuata vipimo vya dada yake bibi arusi. Mkono umekuwa mfupi kwa inchi mbili. Nilidhani atapiga ukelele au atamgombeza kijana anayemsaidia. Aliuondoa mkasi mezani akauweka kwenye kiti, akakitandaza kitambaa, akakipima kilichobaki, akahesabu vipande. Mkono wa pili ulikuwa haujaguswa. Kilichobaki kilitosha kuunga chini ya kiwiko na kuufunika mshono kwa lesi. Akachukua simu palepale akampigia mama wa bibi arusi: "Mamangu, mkono mmoja nimeukata mfupi, kosa ni langu. Kuna njia mbili. Niunge nipitishe lesi, na lesi ni juu yangu. Au tutafute nusu yadi ya satini hiihii, nitailipa mimi. Nijibu leo ili kesho nishone."

Tazama mpangilio wake. Kwanza aliweka chini kile ambacho kingezidisha uharibifu. Kisha akapima kilichosalia, maana mtu aliyeshtuka huhisi kwamba kila kitu kimeharibika. Halafu akamwarifu mwenye mali mapema, wakati bado pana la kufanya, na akaenda kwake akiwa na njia mkononi. Kama alijilaumu, alijilaumu baadaye.

Makosa ya simu ni ya kila siku hapa mjini, kwa hivyo nayo niyaeleze. Umetuma pesa za kodi kwa nambari isiyo yake. Usianze kumpigia usiyemjua na kumtishia. Chukua ule ujumbe wa M-Pesa uliothibitisha malipo, uutume kama ulivyo kwa 456, na ombi la kurudishiwa litaanza. Fanya hima, kwa sababu pesa zikishatolewa au kutumiwa, kuzipata ni kazi ngumu. Na akikupigia mtu akajidai anakusaidia kurudishiwa, usimpe nambari yako ya siri hata akitaja jina lako kamili. Matapeli hutafuta mtu aliyechanganyikiwa.

Kazini ndiko watu wanakoficha zaidi, kwa kuogopa kufutwa. Klarki wa kampuni ya kutoa mizigo bandarini akigundua kwamba karatasi za mteja zina kosa lake, kila siku anayokaa kimya ina bei: siku za bure zikipita, ada ya kuhifadhi kontena inaanza kupanda. Akimwendea bosi leo atagombezwa leo. Akificha, atagombezwa siku ile bili itakapofika, na usingizi atakuwa ameukosa siku zote za katikati.

Hatua ya pili: liandike kama lilivyotokea

Chukua daftari, la karatasi. Andika sentensi moja inayosema ulifanya nini, lini, na nani aliumia. "Jumanne nilikata mkono wa gauni kwa vipimo vya mtu mwingine." "Siku ya arusi nilimwambia shangazi mbele za watu kwamba anakula mali ya mayatima, na sikuwa na hakika." Iwe sentensi ambayo mgeni akiisoma ataelewa. Ukijikuta umeandika "mimi ni fundi bure" au "mimi sina adabu tangu utotoni", ifute. Hiyo ni hukumu juu ya mtu, na hukumu haina pa kushika uifanyie kazi. Gauni lina inchi mbili za kuungwa. "Fundi bure" utaiunga wapi?

Chini ya sentensi hiyo piga mstari katikati ya ukurasa. Upande mmoja andika uliyoyajua siku ile. Upande wa pili, uliyokuja kuyajua baadaye. Hapa usifanye haraka, maana hapa ndipo watu wanapojidhulumu.

Mtafiti Baruch Fischhoff alichapisha majaribio kuhusu jambo hili mwaka 1975. Aliwapa watu habari ya vita vya karne ya 19 baina ya Waingereza na Wagurkha wa Nepali wasome. Baadhi yao akawaambia kwamba Waingereza walishinda, wengine kwamba Wagurkha ndio walioshinda, na wengine hakuwaambia mwisho wake. Kila kundi lililopewa mwisho liliona kwamba mwisho huohuo ndio uliokuwa ukitarajiwa tangu awali, na hata walipoombwa wajibu kana kwamba hawakuambiwa chochote, hawakuweza kuuondoa akilini. Nasi tunajifanyia vivyo hivyo. Tukishajua jambo lilivyoisha, tunajishtaki kwamba tulipaswa kulijua likiwa bado halijatokea.

Nichukue mfano wa kiwanja, kwa sababu nyumba nyingi pwani hii zimelia kwa ajili ya ardhi. Baba amenunua robo ekari upande wa Mtwapa. Amelipa, ameonyeshwa hati, amepeleka mawe ya msingi, kisha akajitokeza mtu mwenye hati nyingine. Usiku anajihesabia makosa chungu nzima: nilimwamini dalali, sikwenda ofisi ya ardhi kuihakiki hati, nililipa taslimu bila wakili, niliuza gari ili nilipe, ningalinunua Kisauni wakati bei iko chini. Kila moja liwekwe upande wake. Kutoihakiki hati ni kosa la kweli. Njia ilikuwepo, ada yake ni ndogo ukilinganisha na bei ya kiwanja, na ndugu walimwambia. Kulipa taslimu bila wakili pia ni kosa. Lakini kwamba dalali aliyeswali naye msikiti mmoja miaka yote angemgeuka, hilo alilijua baadaye. Kwamba Kisauni ingepanda bei, hakulijua yeye wala aliyekuwa akiuza. Makosa yakichujwa hivyo yanabaki mawili, na mawili mtu huweza kuyabeba.

Na sehemu kubwa ya habari hiyo ni dhambi ya tapeli. Isiandikwe kwenye ukurasa wa aliyetapeliwa. Nalisema hili kwa mkazo kwa kuwa nawaona wazee waliodhulumiwa wakipita njiani wameinamisha vichwa kana kwamba wao ndio walioiba, na walioiba wamekaa kahawani wanacheka.

Kosa likiwa zito na sentensi moja isitoshe, andika zaidi. Mwaka 1986 James Pennebaker na Sandra Beall walitoa utafiti ambapo wanafunzi waliandika dakika 15 kwa siku, siku 4 mfululizo, kuhusu mambo yaliyowaumiza maishani. Walioandika yaliyotokea pamoja na walivyojihisi walikwenda zahanati ya chuo mara chache zaidi katika miezi iliyofuata, ingawa mara tu baada ya kuandika walikuwa na huzuni zaidi. Basi usishtuke ukiinuka na macho mekundu. Andika baada ya alasiri badala ya usiku wa manane, na muda ukiisha ufunge daftari.

Hatua ya tatu: omba radhi kwa adabu yake

Kosa lililomgusa mtu haliishi mpaka limfikie mwenyewe. Wanazuoni wetu wanaitaja toba pamoja na masharti yake: uache kosa, ujute, uazimie kutolirudia, na likiwa limemgusa mja mwenzako, umrudishie haki yake au akusamehe. Jirani zetu Wakristo wana agizo linalofanana na hilo katika Injili ya Mathayo: ukiwa madhabahuni ukakumbuka kwamba ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka yako, nenda upatane naye kwanza. Wengi tunataka kuiruka sehemu hiyo. Tunamwomba Mungu msamaha usiku kucha, na jirani tuliyemdhulumu yuko mlango wa pili.

Ikiwa uliyemkosea ni mtu mzima, nenda kwake kwa miguu yako. Kumtumia mama mdogo ujumbe wa WhatsApp kwa jambo la namna hii ni kumkosea mara ya pili. Chagua saa nzuri, baada ya alasiri na kabla ya magharibi, wakati hana wageni na hayuko jikoni. Ukifika, salamu zote ziishe, uulize hali za wa nyumbani, ukae utakapoonyeshwa. Ukihofia kwamba hatakupokea, tanguliza mtu anayemheshimu, ami yako au mzee wa mtaa, akamuulize kama yuko radhi uje.

Kisha sema. Yale maneno ya "kama nimekukosea" yaache nje pamoja na viatu. Anajua kwamba umemkosea, ndiyo maana simu zako hazipokei. Litaje jambo lenyewe:

"Shangazi, nimekuja kukuomba radhi. Siku ya arusi nilisema mbele za watu kwamba unakula mali ya mayatima. Sikuwa na ushahidi, na hata ningekuwa nao, pale hapakuwa mahali pake. Nimekuvunjia heshima. Wale waliokuwepo nitawaambia mwenyewe kwamba nilikosea."

Halafu nyamaza. Hapa ndipo wengi wanapoharibu, wakaongeza "lakini na wewe shangazi siku ile..." Mwache aseme yeye. Huenda akalia. Huenda akakugombeza kwa mambo ya zamani ambayo wewe umeshayasahau, yapokee. Huenda akasema, "Basi mwanangu, yamekwisha," akaita uletewe chai. Na huenda akasema kwamba moyo wake bado mzito, hawezi kukusamehe. Hilo ni lake na ana haki nalo. Usimrudie kila Ijumaa kumdai msamaha, kwa sababu hapo umeacha kumtuliza yeye na sasa unamtaka akutulize wewe.

Ile ahadi ya mwisho itimize upesi. Heshima iliyovunjwa mbele za watu hurudishwa mbele za watu, na ukiomba radhi faraghani peke yake utakuwa umelipa nusu ya deni. Kama kosa ni la pesa, nenda na kiasi, hata kiwe kidogo, na tarehe ya kiasi kinachofuata, mkiandikiana. Aliyekosewa akiwa ameshafariki, watendee wema watoto wake na umwombee dua. Hilo ndilo linalowezekana.

Hatua ya nne: funzo liwe kitendo

Tembea Shimanzi au Changamwe utazame mlango wa kontena lolote lililo juu ya lori. Utaona herufi 4, kisha tarakimu 6, kisha tarakimu moja peke yake, mara nyingi imezungushiwa kisanduku. Ile ya mwisho hupatikana kwa kuzikokotoa herufi na tarakimu zilizotangulia, kusudi klarki akiandika 3 mahali pa 8, hesabu ikatae na kosa lionekane kabla kontena halijapotea kwenye karatasi. Waliopanga utaratibu huo hawakuwaandikia maklarki wa dunia nzima barua ya kuwaambia wawe makini. Walikubali kwamba mtu atakosea tu, wakaweka kizuizi.

Marubani walipita njia hiyohiyo. Tarehe 30 Oktoba 1935, ndege ya majaribio ya Boeing ilianguka huko Ohio, Marekani, punde tu baada ya kupaa, kwa sababu kufuli inayozuia mabawa madogo ya kuiongozea ndege inapoegeshwa haikuwa imefunguliwa. Aliyekuwa akiirusha alikuwa rubani mahiri. Wahusika hawakuhitimisha kwamba marubani wao ni wazembe. Waliandika orodha fupi ya mambo ya kukagua kabla ya kupaa, na ndege ya aina hiyo ikaja kuundwa kwa maelfu. Madaktari wa upasuaji nao sasa wana orodha yao, iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2008.

Kwa hivyo "nitakuwa makini zaidi" usiyaandike kwenye daftari lako. Hayakusaidii siku uliyochoka, na makosa mengi huja siku hiyo. Andika kitendo. Fundi wetu siku hizi huandika jina la mteja kwa kalamu nyekundu juu ya kila ukurasa, na husoma jina hilo kwa sauti kabla ya kushika mkasi. Anayetuma pesa alisome jina la mpokeaji linalojitokeza kabla ya kuthibitisha, aliseme kwa mdomo, ndipo abonyeze. Anayejijua ana ulimi mwepesi, akihisi moto shughulini atoke nje akanywe maji. Kosa moja, kitendo kimoja. Ukijipangia saba hutafuata hata kimoja.

Hatua ya tano: fikira zikirudi usiku

Umezuia hasara, umeomba radhi, una utaratibu mpya. Na bado saa saba za usiku kosa limekuja kukaa ukingoni mwa kitanda. Sasa halina kazi tena, na kulizungusha kunadhuru. Susan Nolen-Hoeksema na mwenzake walikuwa wameshawapima wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford kabla ya tetemeko la ardhi lililopiga eneo la San Francisco mwezi Oktoba 1989. Walipowapima tena, wale waliokuwa na mazoea ya kukaa na kuiwazua huzuni yao ndio waliokuwa na dalili nyingi zaidi za sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito, wiki kadhaa baadaye, hata ukiitoa hali waliyokuwa nayo kabla. Tetemeko lilikuwa moja kwa wote.

Lipe kosa miadi. Dakika 15 baada ya alasiri, kwenye kiti kilekile, popote isipokuwa kitandani. Likija usiku, andika neno moja kwenye kikaratasi na uliambie lingoje kesho. Siku za mwanzo litabishana nawe. Baadaye utaketi kwenye kiti chako ukose la kuongeza. Wataalamu wa kutibu wasiwasi wametumia njia hii tangu miaka ya 1980.

Usingizi ukikataa kabisa, usilale ukigeukageuka. Inuka ukunje nguo, uoshe vyombo, utie udhu. Asubuhi tembea ufukweni mwa Mama Ngina mpaka Lighthouse, kabla jua halijawa kali. Kazi yoyote inayotaka macho na mikono inafaa kuliko televisheni, ambayo huacha akili ikirudi ilikotoka.

Jisemeshe kwa jina lako. Linasikika kama jambo dogo, lakini Ethan Kross na wenzake walichapisha mwaka 2014 majaribio ambamo watu walitakiwa kutoa hotuba ghafla. Waliojisemesha kwa majina yao walipata fadhaa na aibu kidogo kuliko waliojisemesha kwa "mimi". Taja jina lako, kisha useme kama jirani mwema angekwambia: ulikosea, umekwenda kwa shangazi, sasa lala.

Kwa Waislamu kuna mafundisho ya Mtume yanayoligusa jambo hili waziwazi: likikusibu jambo usiseme "lau ningalifanya hivi ingalikuwa hivi", sema Mungu amekadiria, na alitakalo hulifanya, kwa kuwa "lau" hufungua kazi ya shetani. Watu wengi huishikilia sehemu hiyo wakaisahau iliyotangulia. Kabla ya maneno hayo, hadithi hiyohiyo inatuhimiza tulipupie lenye manufaa, tutake msaada wa Mungu, tusifanye ajizi. Haifai mtu aitaje kadari kwa deni ambalo hajalipa. Alipe, ndipo aitaje.

Mwambie mtu mmoja pia. Mmoja, mwenye kifua, atakayekusikiza bila kukukatiza. Baraza zima halihitaji kujua, na kundi la familia kwenye simu ndilo la mwisho kabisa kuhitaji.

Ukiteleza tena

Aliyeapa kutokopa akakopa. Aliyeapa kutompiga mtoto akampiga. Kijana aliyeacha unga, yaani heroini, akavuta. Alan Marlatt, aliyesomea uraibu kwa miaka mingi, alieleza kwamba hatari kubwa haiko katika ule mtelezo wenyewe. Iko katika yale mtu anayojiambia baada yake. Anayesema "basi nimeshaharibu, hakuna haja tena" ndiye anayerudi mzimamzima. Aliyekaa miezi minane bila unga na akavuta mara moja ana miezi minane na siku moja mbaya. Miezi hiyo hakuna anayeweza kumnyang'anya.

Hapa niongeze jambo ambalo kila mama wa Kisauni, Majengo na Likoni yafaa alijue. Mwili uliokaa muda bila unga hupoteza uzoefu wake, na kipimo cha zamani huweza kuua. Mwanao akikiri kwamba ameteleza, usimfukuze usiku ule. Mpeleke kliniki. Ukimfukuza, safari nyingine atavuta peke yake, na asiwepo wa kumsaidia.

Wanaokukumbusha

Mtaani hapakosi mtu ambaye kila ukipita atalitaja. Usimkimbie na usijieleze upya. Jibu moja linatosha, kwa sauti ya kawaida: "Ndiyo, nilikosea, na nimelipa. Habari za nyumbani?" Akirudia, rudia maneno yaleyale. Hatapata la kuchochea.

Na ikiwa wewe ndiye unayekumbusha watu, nakusihi uache. Kuna vijana hapa mjini wametoka gereza la Shimo la Tewa wamemaliza vifungo vyao, wanataka kazi ya kubeba mizigo tu Marikiti, na mtaa bado unawaita kwa makosa yao. Mahakama ilihesabu miaka ikaisha. Sisi tumejipa ruhusa gani ya kuendelea kuhesabu?

Ukizidiwa

Zipo nyakati hatua hizi hazitoshi. Ikiwa wiki 2 zimepita na karibu kila siku, kutwa nzima, huna raha na chochote, hulali au unalala mno, chakula hakipiti, au umeanza kuona heri usingekuwepo, hayo yamevuka majuto ya kawaida. Huenda ni sonona, na sonona inatibika. Nenda Hospitali ya Coast General, au Hospitali ya Port Reitz ambako kuna kitengo cha afya ya akili, umweleze daktari kama ulivyoandika kwenye daftari. Usiku ambao fikira za kujidhuru zimekujia usikae peke yako: gonga chumba cha pili, sema waziwazi, na upige 1199, simu ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, ambayo haitozwi. Na wewe uliyegongewa, usianze kwa mawaidha. Kaa naye, ondoa dawa na vitu vya hatari vilivyo karibu, msikize, na kukipambazuka mfuatane mpaka hospitali.